Shangazi Lenzi Anajibu: Uliza Namba ya Mwanzo

Msimu wa harusi umekaribia. Kuanzia Abuku hadi Arua, kila kijana mwenye kamera ya SLR anataka kujua anunue zumu gani ya kila siku. Wote wanauliza swali moja: "Inavuta mpaka ngapi?" Swali hilo ndilo mama wa matatizo yote mtakayoyasoma hapa chini.

*Shangazi, salamu. Napiga picha za harusi na mahafali kwa Canon yenye sensa ndogo, na lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Rafiki yangu wa Kampala anauza 24-70 f/2.8, ile yenye mstari mwekundu. Pesa ninayo, ila ni ya mahari, na wazee wa upande wa pili wanangoja ng'ombe mwezi ujao. Je, ninunue lenzi kwanza, halafu yenyewe inizalie ng'ombe?*
*— Njia Panda, Abuku*

Mpwa wangu, peleka ng'ombe. Hata ukiacha mapenzi kando, milimita zenyewe ziko upande wa wakwe zako.

Lenzi ya 24-70 ilitengenezewa sensa kubwa, inayolingana na fremu ya filamu ya milimita 35. Kwenye sensa ndogo ya Canon unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo 24 yako inaona kama 38. Sasa panga jamaa kumi bega kwa bega, safu ya mita 5. Kwa milimita 18 unarudi nyuma mita 4 tu na wote wameingia. Kwa 24 unahitaji karibu mita 5 na nusu. Sebule ya baba mkwe unaijua mwenyewe. Mgongo wako utafika ukutani wakati shangazi wa bibi harusi bado ana nusu ya uso nje ya picha, na huyo ndiye atakayekuja wa kwanza kudai picha yake.

Sisi watu wa huku picha zetu ni za watu wengi ndani ya nyumba ndogo. Ndiyo maana nasema: muuzaji akikutajia lenzi, uliza kwanza inaanzia ngapi. Kwa sensa ndogo, zumu ya kila siku ianzie 17 au 18. Inakoishia si tatizo, maana miguu unayo na unaweza kusogea mbele, lakini ukuta hausogei nyuma.

Kisha kuna uzito. Ile 24-70 ya zamani ya Canon ina gramu 950, na 18-55 yako haizidi sana 200. Beba hiyo ya kwanza shingoni tangu asubuhi kanisani mpaka usiku wa disko ndipo utajua mahari ilikuwa nyepesi.

Siku ukipata pesa isiyo na ng'ombe ndani yake, tafuta Canon 17-55 f/2.8, iliyotoka mwaka 2006, au Tamron 17-50 f/2.8. Hizo zinaingiza mwanga mwingi na bado zinaanzia panapotakiwa.

*Shangazi, mume wangu ni mpiga picha. Zamani alitembea na lenzi mbili. Juzi kauza zote, kanunua 18-200, na sasa anasema moja inamtosha maisha yote. Wenzake wanamcheka. Mwanamume anayetosheka na moja anaficha nini?*
*— Mke Mwenye Mashaka, Arua*

Mama, wengine wanaombea maneno kama hayo mpaka magoti yanachubuka, wewe unayaletea mashaka!

Mumeo ana hoja. Ukishaiacha lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kiangazi chetu ni vumbi jekundu tupu. Kila mara mtu anapong'oa lenzi, mlango wa sensa uko wazi, na chembe moja ikitua pale itaonekana kama doa jeusi angani katika kila picha, kuanzia ya padri hadi ya keki. Asiyebadilisha lenzi barabarani haokoti vumbi. Na lenzi yake inaanzia 18, kwa hiyo sebuleni haimwaibishi.

Ila asijidanganye kwamba kapata kila kitu. Lenzi inayokimbia kutoka 18 mpaka 200 huwa imepunguza ukali wa picha hapa na pale, hasa pembezoni. Ikivutwa mpaka mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, kwa hiyo jioni inaanza kulalamika. Nyingi pia zikishalegea hushuka zenyewe zikielekezwa chini. Ukimwona anatembea huku kaishika lenzi kwa mkono mmoja, usimshuku. Anaizuia isirefuke.

*Shangazi, mimi ni mwanafunzi, nina Nikon D3200. Nilinunua Tamron 17-50 f/2.8 ya mtumba ng'ambo ya mpaka, sokoni Ariwara. Inaingia vizuri, lakini fokasi haijiendeshi, imenyamaza kabisa. Muuzaji anasema kamera yangu ndiyo mgonjwa.*
*— Bubu, Koboko*

Mwanangu, kamera yako haiumwi, wala lenzi haiumwi. Mmewaoza wasioelewana.

D3200, pamoja na ndugu zake wote wa D3000 na D5000, haina mota ya fokasi ndani ya kamera. Inategemea lenzi iwe na mota yake. Tamron hiyo ilipotolewa kwa Nikon mara ya kwanza haikuwa na mota, ile yenye mota ilikuja baadaye. Igeuze uangalie mdomo wake wa chuma. Ukiona kikichwa kidogo chenye mfuo, kama cha skrubu, hiyo inangoja kuzungushwa na kamera, na yako haina mkono wa kuizungusha. Mpelekee mwenye D90 au D7000, mbadilishane. Au jifunze kuzungusha fokasi kwa vidole. Harusi haingoji, lakini mlima hauendi popote.

Na safari ijayo nenda sokoni na tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo lisikutishe. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi ni kuvu, rudisha lenzi mezani na uage kwa adabu. Tikisa taratibu usikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho, isikwame na isikwaruze mchanga. Mwisho kabisa, ifunge kwenye kamera yako mwenyewe na upige picha tatu kabla pesa haijatoka mfukoni.

*Shangazi, mjukuu wangu kaolewa. Usiku tukacheza ngoma ya doluka chini ya hema jekundu mpaka vumbi likasimama. Picha zimekuja, wachezaji wote ni ukungu, na nyuso zetu ni nyekundu kama tumepakwa rangi. Kijana aliyezipiga anasema lenzi yake ina kizuia mtikisiko, kwa hiyo kosa ni letu tuliocheza.*
*— Hajati, Koboko*

Hajati, shikamoo, na hongera kwa harusi. Huyo kijana niletee mimi.

Kizuia mtikisiko hutuliza mkono wa mpiga picha. Kiuno cha mchezaji hakikihusu. Kumgandisha mchezaji kunataka kasi, na kasi inataka mwanga. Kama lenzi yake ni ile ya kawaida ya 18-55, ikivutwa mpaka 55 inaishia f/5.6. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya huo, kwa hiyo palipotakiwa sehemu ya 30 ya sekunde, yeye angepiga kwa sehemu ya 120. Kama hana pesa ya lenzi hiyo, arudishe zumu kwenye 18, inakofunguka mpaka f/3.5, na asogee karibu na duara la wachezaji.

Ule wekundu umetoka kwenye hema. Alielekeza flashi juu, mwanga ukagonga kitambaa chekundu na kurudi na rangi yake. Mwambie harusi ijayo aombe shuka moja jeupe litundikwe juu ya uwanja wa ngoma, flashi igonge hapo. Shuka ni rahisi kuliko lenzi yoyote, na kesho yake mtalilalia.

Majibu ya mkato

*Mwenye EF-S, Arua:* Hapana, lenzi za EF-S hazifungi kwenye SLR ya Canon yenye sensa kubwa. Usilazimishe.

*Mpenda Vioo, Yumbe:* Chujio la kulinda lenzi ni sawa, ila lifute. Chujio lenye alama za vidole vya mafuta ya sambusa halilindi chochote.

*Mwenye Haraka, Oraba:* Lenzi bora ya kupigia picha kituo cha mpaka ni ile iliyobaki ndani ya begi mpaka afisa aseme ndiyo. Hiyo usiulize hata inaanzia ngapi.