Fundi Hapimi, Fundi Anajua
Tuwape heshima yao mafundi umeme wa magari. Redio imezima, tundu la kuchajia simu halina moto; mtu mwoga angefungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa ile ya ampea 15, akatazama kama kawaya kake kamekatika. Ushamba! Fundi wetu anaanza na betri mpya, kisha altaneta, kisha dashibodi nzima inalazwa mchangani. Daktari gani angekutoa figo kwa chafya moja, tena kwa bashasha hivi? Mwishowe anakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, anaichomeka penye fyuzi. Ya kiwandani huungua ovyo. Hii haiungui kamwe, zitaungua nyaya tu. Mlipeni vizuri, na mtungi wa kuzimia moto nunueni wenyewe.