Zuhudi ya Garimoshi

Yatupasa sisi watu wa Matemwe kumstahi mgeni yule ambaye, akiwa amejinyoosha kwenye kitanda cha ufukweni mkabala na kisiwa cha Mnemba, hutandaza ramani ya Ulaya magotini na kupanga likizo yake ijayo, London hadi Istanbul kwa garimoshi, kupitia Paris, Munich, Budapest na Bucharest, kwa kuwa dhamiri yake, asema, haimpi idhini ya kuichafua hewa ya Mola kwa moshi wa ndege. Zuhudi iliyoje! Wala asije hasidi akauliza huku Unguja amefikaje, kwani haikosi alikuja kwa jahazi la kaskazi, na lile dege lililomshusha kiwanja cha Kisauni ni wasiwasi wa macho yetu. Aidha lawama ni yetu: reli tuliyokuwa nayo, ile ya maili saba kutoka Mjini hadi Bububu, iling'olewa zamani, na hata ilipokuwapo haikufika Ulaya.

Waliopungukiwa na insafu ni mabibi zetu wapandao mwani, wanaoinama tangu maji yanapokupwa wakifunga mche mmoja mmoja kwa vijikamba; hawajapanda ndege umri wao wote, na bado wananung'unika kuwa bahari imekuwa ya moto na mwani wao wa kotonii waoza. Laiti wangehudhuria kwake darsa moja ya kuitunza dunia, naye ana wasaa hadi Jumamosi, siku ya ndege yake.