Milima Elfu, Miguu ya Dar

Wazo lilikuwa la rafiki yetu mwalimu wa jiografia, Septemba 2025, siku zile Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Tumekaa kibarazani tunamtazama Tadej Pogačar kwenye simu akipanda mlima wa mawe kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani. "Na sisi je?" akauliza mwalimu. Hakuna aliyemkumbusha kwamba yeye huhema akipanda daladala. Ikapita: tutaendesha njia ya Congo-Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi.

Sasa, Rwanda ni nchi ya milima elfu, na Dar es Salaam haina hata mmoja. Pugu ina mwinuko, lakini Pugu ni mbali, na kwenda mbali kunachosha. Mhasibu wetu ndiye aliyeligundua daraja la juu la Tazara: lina mwinuko, lina lami, halina kiingilio. Jumapili alfajiri tukawa tunapanda, tunashuka, tunazunguka, tunapanda tena. Trafiki alituangalia weee, mwisho akatusimamisha.

"Wazee wangu, mmepotea?"

Mwalimu akamjibu kwamba tunafanya mazoezi ya milima. Trafiki akageuka kulia, akageuka kushoto, akiutafuta huo mlima.

Halafu likaja suala la upande wa barabara, maana Rwanda wanapita kulia. Mwalimu akataka tuanze kuzoea huku huku nyumbani. Nikapinga. Anayezoea kupita kulia kwenye Barabara ya Mandela hafiki Rwanda.

Mhasibu, ambaye hatupi kitu, alifunga nguo zake zote kwenye mifuko ya rambo aliyoificha tangu kabla ya katazo la 2019. Tukamwambia Rwanda walishaipiga marufuku tangu 2008, na mpakani wanapekua. Akafungua begi kwa uchungu, akawa anaikunja mifuko yake mmoja mmoja na kuirudisha mvunguni.

Lakini kazi ilikuwa kuzifungua baiskeli ziingie kwenye maboksi. Pedeli ya kulia ilitoka bila maneno. Ya kushoto ikagoma. Mwalimu akaikamata na spana namba 15, akaizungusha kama anavyofungua kila kitu duniani, jasho likimtiririka hadi kwenye kope. Mhasibu akaongeza bomba ili spana iwe ndefu. Wakashika wawili, baiskeli ikalia. Ndipo akapita fundi wa pale kwenye kona, kijana mdogo, kandambili miguuni.

"Shikamooni. Mbona mnaikaza?"

Akaichukua spana, akaipeleka upande wa pili, pedeli ikatoka. Ya kushoto hufunguka kinyume, wazee, akasema, na hakutaka hata soda.

Stendi ya Mbezi tulifika saa tisa usiku na maboksi yetu. Konda akayapiga teke kidogo kupima uzito.

"Nini humu?"

"Baiskeli."

"Mnakwenda kuuza?"

"Tunakwenda kuziendesha."

Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa si mngeanzia hapa?"

Mwalimu akavuta pumzi aanze habari za Ziwa Kivu. Mhasibu akamuwahi: alitaka kujua kama boksi likikaa kwenye siti linalipa nauli ya mtu mzima au ya mtoto.