Shangazi Si Janga

Makochi yetu yametoka Keko, kule kwa mafundi ambako kila mbao ni mninga mpaka uifikishe nyumbani. Siku yanateremshwa kwenye kirikuu, mke wangu alisimama mlangoni akatoa tamko: hayakaliwi mpaka yakatiwe bima.

Mama yangu hakukata bima maishani mwake. Alifuma vitambaa vyeupe, akavitandaza juu ya makochi, juu ya vitambaa akaacha nailoni ya dukani, na sisi watoto tukakaa mkekani. Makochi yale yapo mpaka leo, na bado hatuyakalii. Nilipomkumbusha mke wangu mfumo huu, alinitazama kama mtu aliyependekeza tuwashe koroboi.

Wakala akaja na tai yake, kijana mwenye adabu. Ada aliyotaja ilikuwa ndogo hata baada ya kujumlisha VAT ya asilimia 18, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Akatuorodheshea majanga kwa bashasha ya mhudumu anayetaja vyakula vilivyopo: moto upo, radi ipo, wizi upo, kupasuka kwa bomba kupo.

"Mchwa je?"

"Mchwa hapana, mzee."

Panya hapana. Kuchakaa hapana. Mwizi akiukuta mlango wazi? Hapana pia, lazima ziwepo dalili za kuvunja. Yaani mwizi mstaarabu, aliyepiga hodi akakaribishwa, huyo ni hasara yetu wenyewe. Na bomba la mtaani kwetu haliwezi kupasuka, kwa kuwa halijapata maji ya kulipasua. Nilichoona mimi ni kwamba tunalindwa vizuri sana dhidi ya mambo yasiyotufika.

Mke wangu, ambaye hesabu anaziweza, akapendekeza makochi ya milioni mbili tuyaandike milioni moja ili ada ishuke. Hapo kijana akaweka kalamu chini, na kwa hilo namshukuru. Wengi hudhani ukikata bima ya milioni moja, hasara yoyote isiyofika milioni moja italipwa yote. Sivyo. Ukiandika nusu ya thamani, umekubali kubeba nusu ya kila hasara. Kochi la laki nne likiungua unapewa laki mbili, na hapo bado hakijatolewa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe. Tukaandika milioni mbili, mke wangu akinung'unika.

Kisha kijana akaomba risiti. Fundi wetu alituandikia kwenye kipande cha boksi la misumari: "Imelipwa, bado elfu thelathini." Kijana aliigeuza huku na huku akitafuta alama ya mashine ya EFD, akakuta ukubwa wa misumari.

Bima ikakatwa. Makochi yetu yakavuliwa nailoni. Shangazi yangu akaja kutoka Muheza.

Shangazi hupaka nywele zake mafuta ya nazi, tena ya kukamua mwenyewe, na hupenda kuegemea anapozungumza; naye huzungumza sana. Kabla wiki haijaisha, kiegemeo cha kochi kubwa kilikuwa na duara linalong'aa. Mjukuu aliyefuatana naye akakamilisha kazi kwa bakuli la mchuzi wa samaki. Mke wangu akampigia wakala, simu ikiwa kwenye spika ili nami nione faida ya usomi.

"Madoa yametokea ghafla au polepole, mama?"

"Mchuzi ghafla. Kichwa cha shangazi polepole."

"Cha polepole huo ni uchakavu. Mchuzi ungefikirika kama mngechukua ile nyongeza ya ajali za nyumbani."

"Nyongeza ipi?"

"Ile mliyosema inapandisha ada."

Mke wangu akauliza kama mgeni anayekaa muda mrefu hawezi kuingizwa kwenye kundi la mafuriko. Kijana alikuwa bado anakohoa wakati shangazi alipotokea mlangoni, kanga begani, ameyasikia yote.

"Kwani mimi ni janga?"

Mimi nikaangalia dari. Simu ikanyamaza kidogo, kisha ile sauti ya adabu ikasema, "Shikamoo, shangazi. Hapana. Kwa mujibu wa mkataba, wewe si janga."

"Marahaba, mwanangu," akasema shangazi, akaketi, akaegemea.