Asilimia Kumi Iliyobaki

Mradi wa ujenzi ukianza Dar es Salaam, kitu cha kwanza kukamilika ni kibao, na mara nyingi ndicho pekee kinachokamilika kwa wakati. Cha kwetu kilisimikwa hata kabla jembe halijagusa ardhi. Kilikuwa na jina la mradi, la mwajiri, la mhandisi mshauri na la mkandarasi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Chini kabisa palikuwa na maneno ya adabu: "Samahani kwa usumbufu." Tarehe ya kumaliza ilidumu mpaka ilipokaribia. Hapo likabandikwa juu yake tangazo la mganga anayerudisha wapenzi waliopotea. Juu ya mganga likaja bango la onesho la singeli. Kisha msimu wa uchaguzi ukafika, na sura ya mgombea udiwani ikakaa palepale, inatabasamu na kuahidi kukwamua miradi iliyokwama.

Barabara yenyewe siitaji, wala mkandarasi wake simtaji. Kila mkazi wa Dar atadhani naisema ya kwao, na sitamkatalia.

Tuwe waungwana, jiji hili lina sifa zake. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilikuwa jiji la kwanza barani Afrika kupewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, kwa ajili ya awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi mwaka 2016: kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Waliosifu mabasi walisifu pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli zilizojengwa pembeni. Ukipita Barabara ya Morogoro utaiona njia hiyo, imenyooka, watu wanapishana bila kupigana vikumbo, hadi pale inapopokelewa na muuza viatu vya mtumba. Kwa hiyo tulipoambiwa kuwa barabara yetu nayo itapanuliwa, na kwamba pembeni kutakuwa na njia ya miguu na ya baiskeli, tulisadiki. Mimi nikanunua baiskeli.

Baiskeli hiyo sasa ni samani. Katikati ya malori, bajaji na bodaboda siwezi kuiendesha bila kwanza kuandika wosia, basi imeegeshwa sebuleni inangoja njia. Siku za mvua mke wangu huanika kanga kwenye usukani wake. Watoto wa jirani wananiamkia, "Shikamoo, Babu Baiskeli," ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nimeipanda.

Nimekuja kujifunza kuwa ucheleweshaji nao una kalenda. Machi hadi Mei ni masika, na hakuna mwenye akili anayemwaga zege mtoni. Oktoba hadi Desemba ni vuli. Mwishoni mwa 2023 vuli ilikuja imeshikana mkono na El Niño, na Mei 2024, tulipodhani masika yanafunga virago, kimbunga Hidaya kikapiga hodi pwani. Kwa mvua sina ugomvi na mtu. Hata mikataba ya ujenzi humruhusu mkandarasi kuomba nyongeza ya muda hali ya hewa ikizidi kawaida. Ugomvi wangu ni kiangazi. Juni, jua linawaka na ardhi imekauka, ndipo inapogundulika kuwa chini ya njia limepita bomba la maji ambalo ramani haina habari nalo. Julai bomba linasubiri kuhamishwa. Agosti bomba limehama, lakini mwenye ukuta uliosogea barabarani anasema fidia yake haijakamilika. Septemba ukuta umevunjwa, kila kitu kiko tayari, ila malipo ya mkandarasi yamekwama mezani kwa mtu aliye safarini. Mitambo inazimwa. Oktoba fedha zinaingia, na mvua inaingia nazo.

Kazi ikilala, njia hailali. Kipande cha kwanza kilichotandikwa tofali kilichukuliwa na mama muuza vitumbua. Cha pili ni kijiwe cha bodaboda. Cha tatu amekikalia fundi seremala, aliyeona kuwa kwa kupanga vitanda hakuna sakafu iliyo sawa kuliko ile mtaa mzima. Rundo la kokoto ni jukwaa la watazamaji wa mechi za watoto. Mbele kidogo, zege ilipokuwa bado mbichi, alipita mbuzi, na nyayo zake zimekauka vizuri kabisa. Huyo ndiye mtumiaji wa kwanza wa njia yetu, na hadi leo ndiye pekee aliyeitumia kwa kazi iliyokusudiwa.

Kuifikia njia hiyo lazima uvuke mtaro, ambao umechimbwa hadi kiunoni na kuachwa wazi. Vijana wa mtaani wametandika ubao juu yake. Siku za jua ubao ni bure, siku za mvua una nauli: mia mbili kwenda, mia mbili kurudi, na mwenye mzigo anaongeza.

"Mwanangu," nilimwuliza mmoja wao, "huu ubao si wa mkandarasi?"

"Ni wake, mzee. Ila yeye hayupo, sisi tupo."

Nikalipa. Hoja kama hiyo haina rufaa.

Jumapili moja zikaja habari kwamba kipande kizima, kutoka kwenye duka la dawa hadi msikitini, kimekamilika. Nikaondoa kanga kwenye usukani, nikajaza upepo, nikatoka. Njia ilikuwa laini na upepo wa bahari ulikuwa mzuri. Kisha nikakutana na nguzo ya umeme. Imesimama katikati kabisa ya njia, na tofali zimepangwa kuizunguka kwa ustadi ambao sijauona popote pengine katika mradi huu. Nilipoikwepa nguzo, bodaboda mbili zilizokuwa zinakimbia foleni zikanijia uso kwa uso huku zinapiga honi.

"Mzee, pita barabarani!" akafoka wa mbele.

Nikashuka nikaingia barabarani. Hata hatua kumi sijamaliza, konda wa daladala akatoa kichwa dirishani. "Mzee, si umejengewa njia wewe?"

Kesho yake nilimfuata msimamizi wa ujenzi, kijana mpole mwenye kofia ngumu, aliyeniamkia vizuri.

"Marahaba. Hebu niambie, baba, mradi umefika wapi?"

"Asilimia tisini, mzee wangu."

"Barabara ya magari?"

"Imekwisha."

"Taa?"

"Zimekwisha."

"Na njia yetu ya miguu?"

Akatazama viatu vyake. "Ndiyo hiyo asilimia kumi, mzee."

Nilimshukuru, maana kwa jibu moja alinieleza kila kitu. Mvua, mabomba, fidia na malipo ni visingizio vya kweli, lakini vyote huangukia kilichowekwa mwisho, na mwisho siku zote tumewekwa sisi tunaotembea. Barabara ya magari ina mgeni rasmi, utepe na mkasi. Njia ya miguu ina ahadi ya "tutamalizia." Na si suala la starehe tu: duniani kote, zaidi ya robo ya wanaokufa kwa ajali za barabarani ni watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Anayeambiwa apite barabarani kwa sababu njia yake ina nguzo, kijiwe na seremala, anaambiwa aingie kwenye hesabu hiyo.

Wahandisi watanijibu kuwa njia ya miguu ikitangulia, mitambo itaipasua. Haya, nakubali, isitangulie. Lakini barabara isipokelewe mpaka njia ya pembeni ipokelewe pamoja nayo, nguzo ikiwa imehama na mtaro umefunikwa. Utepe ufungwe kwenye njia ya miguu, na mgeni rasmi aufikie kwa miguu yake. Wakati huo magari yasubiri kidogo. Walio ndani yake wana viti.