Yah: Ombi la Ukuta Kuajiriwa Kuwa Msajili Msaidizi wa Hati

Ndugu Msajili wa Hati,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima naleta kwako jina la mwombaji kazi mwenye uzoefu wa miaka mingi katika masuala ya umiliki wa nyumba jijini Dar es Salaam. Hadai posho ya kujikimu, haendi semina, na hajawahi kumwambia mwananchi aje kesho kwa sababu mtandao haupo. Mwombaji ni ukuta.

Unaufahamu. Umesimama Mbagala, Tandika, Tabata, na popote watu wanapogombea nyumba, ukiwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Pengine pana namba ya simu. Pengine pameongezwa KESI IPO MAHAKAMANI. Herufi hazilingani na rangi imechuruzika, lakini ujumbe umefika: anayeingia hapa na hela aingie akijua. Tena ni Kiswahili, tangu zamani, kabla sheria ya mwaka 2021 haijazitaka mahakama zetu nazo zikitumie.

Nianze kwa kukusifu, isije ikaonekana nimekuja kukupokonya kiti. Mtu mwenye akili anayetaka nyumba inayopigwa mnada na benki huja kwako kwanza kufanya upekuzi. Anataja namba ya hati, kiwanja na kitalu, analipia, na majibu yanamwonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki katika ile miaka 33, 66 au 99, rehani iliyosajiliwa, na zuio kama lipo. Hapo ndipo wengine hugundua kwamba nyumba imewekwa rehani mara mbili, au kwamba aliyekopa siye aliye kwenye hati, au kwamba hati yenyewe imebakiza miaka minne. Asiyepekua, shauri yake.

Ila upekuzi unasoma karatasi, Ndugu Msajili, na karatasi ina adabu mno. Haisemi ambacho hakikuandikwa.

Chukua ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, nayo inaidai ridhaa hiyohiyo. Vizuri sana. Halafu yakaja marekebisho: benki itahesabiwa imetimiza wajibu wake wa kuuliza, mradi mwombaji mkopo ameapa kwa maandishi kwamba hana mwenzi. Hapo ndipo nchi ilipojipatia kapera wa aina mpya. Ana mke, ana watoto watano, ana mama mkwe chumba cha uani. Asubuhi anakwenda kwa wakili na kabla ya saa sita amekuwa kapera. Kusema uongo huo ni kosa la jinai, najua, lakini siku ya kutafutwa huwa ameshahamia anakokujua mwenyewe.

Kwako rehani inaingia safi. Mke, ambaye sheria inamruhusu kuweka zuio katika daftari lako, hajui hata ofisi yako iko jengo gani. Anachokijua ni kopo la rangi dukani kwa Mangi. Wa kwanza kumsikiliza ni ukuta. Wa pili ni Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, na wakati huo aliyenunua mnadani keshakuwa mdaiwa wa tatu.

Kisha kuna swali la kitoto: nyumba yenyewe iko wapi? Hati inataja kiwanja, kitalu na ramani ya upimaji. Dalali wa mnada anataja geti la bluu. Kati ya ramani na geti la bluu anatakiwa mpima ardhi atafute bikoni, na mtu aliye tayari kutoa mamilioni kwa kuinua mkono huona mpima ni gharama isiyo ya lazima. Ndiyo maana inawezekana kununua kiwanja halali kabisa ambacho jirani amejenga juu yake. Mimi ningemtafuta mpima hata kabla ya wakili, lakini hayo ni yangu.

Leseni za makazi na mikataba ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa sitaigusa sana, ingawa wakopeshaji huipokea kama dhamana. Haiko kwako. Anayeiulizia kwako hujibiwa kwamba hakuna kumbukumbu, na mwenye haraka husikia kwamba hakuna tatizo.

Mwombaji wangu, kwa upande wake, hupokea taarifa hadi za Serikali. Ile X nyekundu ya hifadhi ya barabara hupakwa ukutani, haigongwi kwenye hati. Waulize waliokuwa Kimara mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro.

Najua mwanasheria wako atanirushia kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi. Kinasema mnunuzi wa nyumba ya rehani hana wajibu wa kuchunguza kama kweli mkopaji alishindwa kulipa, wala kama alipewa notisi. Akinunua kwa nia njema, analindwa. Kifungu kizuri. Bila hicho sidhani kama kuna mtu angehudhuria mnada. Lakini nia njema huthibitishwa kizimbani, siku ambayo wakili wa upande wa pili anatoa picha ya ukuta na kuuliza kwa upole: "Shahidi, unajua kusoma?"

Na ile bei ya kutupa inayowatoa watu udenda? Kifungu cha 133 kinaitilia shaka bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi. Nyumba ya milioni mia ikienda kwa milioni arobaini, mnunuzi anachekelea, na mkopaji naye anachekelea, maana amepewa hoja ya kumpelekea wakili.

Kwa hiyo naomba mwombaji apangiwe kazi. Kila jibu la upekuzi liambatane na picha ya ukuta wa mbele na wa uani, na maneno mawili matatu ya mama anayekutwa akifua hapo. Sheria inataka mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla. Siku hizo zinatosha kwa safari moja ya bodaboda na picha ya simu.

Usaili ufanyike palepale uliposimama, kwa kuwa mwombaji hawezi kupanda daladala. Pia ufanyike upesi. Nasikia siku hizi wapo madalali wanaotanguliza ndoo ya chokaa kabla ya tangazo, na mwombaji hana mahali pengine alipohifadhi nakala za kumbukumbu zake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpita Njia

Nakala: Idara ya mikopo, benki zote (tafadhali pigeni hodi).