Sifa za Gesti Isiyo na Dirisha

Hoteli kubwa zina watu wao wa kuzisifu, na watu hao hulipwa. Gesti ya dola 8 iliyo kichochoroni Siem Reap, mji jirani na mahekalu ya Angkor nchini Kamboja, haina msemaji. Ina kibao kilichopauka, ina pikipiki zilizoegeshwa hadi mlangoni pa mapokezi, na ina maoni ya wageni waliotangulia, yaliyoandikwa kwa ghadhabu ya watu walionyang'anywa urithi. Mimi nimelala humo mara nyingi kuliko nilivyopenda, kwa sababu ambazo mfuko wangu unazijua. Kunguni wake wananifahamu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuitungia sifa, basi ni mimi.

Nianze na dirisha, maana huko ndiko uliko utukufu wake.

Chumba kilitangazwa kuwa kina dirisha, na dirisha lipo. Lina fremu, lina pazia la maua, lina kitasa kinachozunguka. Ukilifungua unakutana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba unaweza kuuegemea bila kunyoosha mkono. Mgeni asiye na elimu hushuka mapokezini akiwaka. Mgeni aliyesoma kidogo habari za Wakhmer wa kale, wajenzi wa Angkor, husimama mbele ya ukuta ule kwa heshima, kwa sababu yuko mbele ya mapokeo yaliyopita miaka elfu moja.

Ushahidi upo. Nenda Preah Ko, hekalu la karne ya 9 pale Roluos, au Banteay Srei, lililowekwa wakfu mwaka 967. Mnara una pande nne na kila upande una mlango, lakini unaopitika ni mmoja. Mitatu iliyobaki ni ya kuchongwa tu, imenakshiwa kwa ustadi hadi unatamani kubisha hodi. Hakuna aliyemshitaki mjenzi kwa udanganyifu. Madirisha nayo yana nguzo ndogo za jiwe zilizochongwa mfano wa mbao zilizokerezwa, na kufikia zama za mfalme Jayavarman VII, mwishoni mwa karne ya 12, mafundi walikuwa wamegundua jambo kubwa zaidi: ukichonga nusu ya chini tu ya nguzo na kuiacha nusu ya juu ikiwa bapa, mtazamaji ataamini kuwa kuna pazia limeteremshwa. Pazia la jiwe, juu ya dirisha la jiwe, lililo ubavuni mwa ukuta. Mwenye gesti yangu ametumia kitambaa. Tofauti kati yake na mafundi wa mfalme ni ya malighafi tu.

Wala asije mtu kusema kwamba yale yalikuwa mahekalu na hii ni nyumba ya wageni. Huyohuyo Jayavarman VII alikuwa mjenzi mkuu wa nyumba za kupumzikia wasafiri. Maandishi ya jiwe la hekalu la Preah Khan ya mwaka 1191 yanazitaja nyumba za moto 121 katika barabara za dola yake: 57 kwenye njia ya kwenda ufalme jirani wa Champa, 17 kwenye njia ya Phimai, mahali ambapo leo ni Thailand, na zilizobaki kwingineko. Wanazuoni wanazihesabu kuwa vituo vya mapumziko vya wasafiri. Moja ingalipo ndani ya eneo la Preah Khan, na mtu akiikagua ataona kuta nene, mnara upande mmoja, na madirisha yanayotazama kusini tu. Mfalme aliyekuwa akiteremshiwa mawe kutoka miguuni mwa milima ya Kulen bila kuulizwa bei aliridhika kwamba msafiri anahitaji mwanga wa upande mmoja. Kutoka upande mmoja hadi sifuri ni hatua fupi, na ilikuwa ikingoja mtu mwenye uthubutu.

Nimekwenda mbali zaidi. Nilitoa dira ya simu nikapima, na dirisha langu linatazama magharibi. Angkor Wat nalo, kinyume na mahekalu mengi ya Wakhmer, linatazama magharibi. Wataalamu wamelibishania jambo hilo kwa vizazi. Wako wanaosema ni kwa sababu ya Vishnu, mungu aliyejengewa hekalu hilo na Suryavarman II, na wako wanaosema ni kwa sababu lilikusudiwa liwe kaburi la mfalme. Nawaalika wote waje walale chumbani kwangu. Usiku mmoja humo, pangaboi likiwa limezimika, nadharia ya kaburi inapata nguvu sana.

Fadhila nyingine nitazipitia haraka, maana zinajieleza zenyewe. Hakuna lifti, na ngazi zimesimama wima kama zilivyo zile za mnara wa kati wa Angkor Wat, hivyo mgeni anafika hekaluni akiwa amekwisha fanya mazoezi. Mjusi wa huko ni mkubwa kuliko mjusi kafiri wetu. Hulitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ya kufokea watu, mara tano au sita, kisha hunyamaza kiasi cha kukufanya usubiri. Taulo ni dogo, na hilo hufundisha kipaumbele. Bomba la kuogea liko juu ya choo, kwa hiyo choo kinaoshwa kila mtu anapooga, na hakuna hoteli ya kifahari inayoweza kujigamba hivyo.

Maji yenyewe ni ya baridi na ni kidogo, nayo ndiyo huduma pekee ya gesti iliyo na umuhimu wa kimataifa. Mahekalu yale yamesimama juu ya mchanga, na mchanga huo hushikamana kwa sababu una maji chini yake. Hoteli zilipoanza kuota kama uyoga na kuyavuta maji hayo kujaza mabwawa ya kuogelea na kumwagilia bustani, wataalamu wakaingiwa na hofu juu ya misingi ya majengo. Gesti yangu haina bwawa. Haina bustani. Siku nyingine haina maji kabisa. Mgeni aliyebaki na povu kichwani, akilitukana bomba, anaisaidia minara ya Angkor Wat isimame wima. Hapewi cheti.

Kisha kuna suala la kuamka. Kila anayekwenda Angkor hutaka kuona jua likichomoza nyuma ya minara, na kwa hilo inampasa awe njiani kabla ya saa 11 alfajiri. Hoteli kubwa humpigia simu kwa sauti laini. Gesti ina jogoo, ina pampu, na katika miezi ya kiangazi ina harusi ya jirani: hema katikati ya kichochoro, spika zinazomfikia hata mtu aliyeziba masikio kwa mto, na muziki unaoanza gizani kwa sababu sherehe ya Wakhmer huanza na alfajiri. Unaamka. Unaamka hata kama siku hiyo hukukusudia kuona jua.

Lakini kuna jambo moja ambalo sitalisifu, nalo ni bwawa. Nimesema gesti haina bwawa. Kwenye picha zake mtandaoni lipo, la samawati, lenye viti viwili na mwavuli. Niliuliza. Bwawa ni la hoteli ya mtaa wa pili, na picha ilipigwa kutoka juu ya paa. Nilikuwa nimetoka barabarani na vumbi la nchi nzima, nimevaa kaptula ya kuogelea, nimeshika kile kitaulo, na nilikasirika kweli. Sikuwa na utani wowote. Nilimwendea kijana wa mapokezi nikiwa na simu mkononi kama hati ya mashtaka.

Akaniita "bong", kama Wakhmer wanavyomwita mtu aliyewazidi umri kidogo, akanieleza bila kuona haya. Mtandao wa kuhifadhi vyumba unachukua sehemu nono ya kila dola 8. Anayekubali kukatwa zaidi hupandishwa juu, na anayekataa hushushwa hadi kwenye kurasa ambazo hakuna binadamu anayezifikia. Wateja huchuja kwa alama: bwawa, kifungua kinywa, karibu na hekalu. Asiye na alama haonekani. Kwa hiyo bwawa likapatikana. Kijana huyo hulala kwenye kitanda cha kukunja nyuma ya meza ya mapokezi na huamka usiku wa manane kuwafungulia geti waenda kuona jua. Nilirudi chumbani na kaptula yangu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama wageni wenzangu zaidi kuliko ninavyotazama ukuta. Mtu ametoka kulipa dola 37 kwa tiketi ya siku moja ya Angkor, au 62 kwa siku tatu, bila kupepesa jicho. Amesimama mbele ya kamera ili sura yake ichapwe kwenye tiketi, akatabasamu. Haki isemwe, dola 2 za kila tiketi huenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, na hizo hazina ubishi. Mtu huyohuyo anafika gestini na kusimama nusu saa akimbembeleza bibi mwenye nyumba ampunguzie dola moja, kwa sababu, anasema, nchi hii ni rahisi. Asubuhi analalamikia jogoo. Jioni anaandika maoni. Nimeyasoma: kuna aliyepunguza nyota kwa sababu mvua ilinyesha mwezi wa Septemba, kuna aliyepunguza kwa sababu Angkor Wat palikuwa na watalii wengi mno, naye akiwa mmoja wao. Na kosa linalojirudia kuliko yote ni hili: gesti ilijitangaza kuwa iko karibu na hekalu, kumbe ni kilomita 6.

Kilomita 6! Hoteli za Siem Reap zimewekwa nje ya eneo la mahekalu, na hilo ni jambo jema, la sivyo kungekuwa na baa ndani ya hekalu la Bayon. Ya dola 8 na ya dola 400 zote ziko mjini, zote zinapanda barabara ileile kwenda kaskazini, na zote hujiita karibu. Watu walio karibu hasa na hekalu hawana kibao. Ni wanavijiji wa ndani ya hifadhi, wanaouza tambi, maji na mitandio, ambao kuku wao huvuka njia mbele ya magari ya watalii.

Walikuwa karibu, niseme. Tangu mwaka 2022 maelfu ya familia zimekuwa zikihamishwa kutoka eneo la Angkor, nyingi zikipelekwa Run Ta Ek, kiasi cha kilomita 25 kutoka hekaluni. Novemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti ikisema kwamba familia zinazoguswa ni kama 10,000 na kwamba wengi walishinikizwa na kutishwa ili waondoke. Serikali inasema wanaondoka kwa hiari, na kwamba wanaohamishwa ni waliovamia baadaye, si wenyeji wa vijiji vya asili. Kila familia hupewa kiwanja cha mita 20 kwa 30, fedha kidogo na mabati 30 ya kuezekea. Nyumba ijengwe na mwenyewe. Hun Sen, alipokuwa waziri mkuu, alionya kwamba watu wasipotoka, Angkor inaweza kuondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia, ambamo imo tangu 1992. UNESCO, wenye orodha, wakasema hawajawahi kuomba wala kuunga mkono mtu yeyote ahamishwe. Basi orodha haikumfukuza mtu, serikali haikumfukuza mtu, na watu hawapo. Msomaji wa Tanzania aliyefuatilia habari za wakazi wa Ngorongoro waliohamishiwa Msomera hana haja ya kufafanuliwa hiari ya namna hiyo.

Muuza tambi aliyeko kilomita 25 kutoka kwa wateja wake afanye nini? Apande pikipiki alfajiri kurudi, kama petroli itamruhusu. Au akope, aezeke yale mabati, agawe vyumba vitatu, aweke pazia mahali ambapo dirisha lingekuwa, na ajitangaze mtandaoni kuwa yuko karibu na hekalu. Sitamlaumu. Angalau yeye atakuwa na haki ya kulitumia neno hilo kuliko sisi wote, maana amewahi kukaa huko.

Mimi nilipoondoka gestini mtandao ulinitumia fomu ya tathmini. Usafi: nikatoa 10, nikiwasamehe kunguni. Ukarimu: 10. Bwawa: nikatoa 10 pia, ni bwawa zuri, nililiona kutoka juu ya paa. Mahali ilipo gesti: 10. Nikabonyeza kutuma. Jibu likarudi palepale, likinishukuru na kuniuliza kama ningependa, katika safari yangu ijayo, kuonyeshwa vyumba vilivyo karibu zaidi na hekalu.